Msimu wa Mariners 2025 haukupotea bure, acheni hizo

Tangu usiku ule wa tarehe 20 Oktoba 2025 kule Toronto nimeisikia kauli moja mpaka imenichosha, eti msimu wa Mariners, timu yetu ya besiboli ya Seattle, umepotea bure. Inasemwa redioni, inasemwa kwenye treni, na wanaisema hata wale ambao mwezi wa tano walikuwa hawajui timu iko nafasi ya ngapi. Sawa, maumivu nayaelewa, yaliniuma na bado yananiuma. Mechi ya 7 ya fainali ya Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, tunaongoza 3-1, iningi (raundi) ya 7 kati ya 9, tumebakiza kuwatoa watu nane tu tuingie World Series, fainali kuu ya ubingwa, kwa mara ya kwanza tangu timu ianze kucheza 1977, alafu anakuja George Springer wa Toronto, huyuhuyu aliyetutesa miaka yote akiwa Houston, anauchapa mpira wa Eduard Bazardo unaenda kutua jukwaani na kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, tayari kuna wenzake wawili, ikawa 4-3 kwao na ikabaki hivyohivyo mpaka mwisho. Kati ya timu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani sisi peke yetu ndio hatujawahi kukanyaga World Series, na sasa tutaendelea kuwa peke yetu angalau mwaka mmoja zaidi.

Kuhusu kumleta Bazardo pale badala ya Andrés Muñoz nina langu la kusema. Muñoz ndiye mrushaji wetu wa kumalizia mechi, ndiye bora kati ya warushaji wote wa akiba, na pale mechi ilikuwa inaamuliwa, haijalishi kama ni iningi ya 7 au ya 9. Mimi ningemwita. Lakini pia Bazardo alikuwa ametubeba mwezi mzima na Dan Wilson kama meneja alimwamini kwa sababu alikuwa na kila sababu ya kumwamini, kwa hiyo sitaki kuungana na wanaomtukana, hapana.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba huwezi kuchukua mchezo unaochezwa mechi 162 kabla hata ya mtoano ukaupima kwa pigo moja. Mechi 162 ndani ya miezi sita! Karibu kila siku ya Mungu kuna mechi, ukifungwa leo usiku kesho unaingia tena uwanjani hata hasira haijaisha, na hakuna timu inayokwepa kufungwa, angalia Milwaukee Brewers waliokuwa na rekodi nzuri kuliko wote mwaka huu, wameshinda 97 na wamefungwa 65, yaani timu bora kabisa imefungwa mara 65 na bado ni timu bora. Ukiwa mgeni kwenye besiboli hilo ndo linakuchanganya, unafungwa Jumanne unaona dunia imeisha kumbe ni Jumanne tu.

Na msimu wetu ulikuwa na kila kitu ndani yake.

Tulianza nyumbani mwisho wa mwezi wa tatu na Athletics, alafu majeruhi yakaanza kumiminika. George Kirby alianza msimu akiwa nje kwa bega, Logan Gilbert akafuatia mwezi wa nne, Bryce Miller naye kiwiko, yaani wale warushaji ambao timu nzima imejengwa juu yao. Victor Robles ndo aliniumiza moyo zaidi, mwanzoni mwa mwezi wa nne kule San Francisco alikimbia kufuata mpira uliokuwa unaelekea pembeni, akaudaka kweli, lakini akajigonga kwenye wavu na bega likatoka, akatolewa kwa kigari huku analia na mimi nikasema msimu wake umeisha. Shika hilo la Robles.

Mwezi wa saba uongozi ukafanya kitu ambacho miaka mingi tumekiomba, ukaingia sokoni kwa nguvu ukawachukua Josh Naylor na Eugenio Suárez wote kutoka Arizona. Suárez tulimjua, alishawahi kucheza kwetu na watu walimpenda kwa moyo wake. Naylor ndo ametufundisha kitu kipya. Ukimwona ni mnene, mzito, akikimbia anapimwa kati ya wachezaji wa taratibu kabisa kwenye ligi nzima, na bado jamaa ameiba besi 30 mwaka huu, yaani kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, 19 kati ya hizo akiwa na sisi na hakukamatwa hata mara moja! Anafanyaje? Anamsoma mrushaji. Anamwangalia mguu, bega, anahesabu muda anaotumia kabla ya kurusha, akiona ameshamjua anaondoka, na mdakaji anabaki ameshika mpira hajui aurushe wapi. Kila nikimwona Naylor anaanza kusogea taratibu kutoka besi ya kwanza mimi nilikuwa nasimama.

Tarehe 9 Agosti namba 51 ya Ichiro, mpigaji wetu wa zamani, ikapandishwa ukutani, wiki mbili baada ya kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown kwa kura 393 kati ya 394. Wikiendi ile timu ilicheza kama imelogwa kwa uzuri. Alafu ikasafiri mashariki ikaharibika yote, Philadelphia tulipigwa mechi zote tatu, na mwanzo wa mwezi wa tisa Houston wakawa bado juu yetu na watu wakaanza kununa. Hapo ndipo shabiki mmoja akamlipa mchawi wa mtandaoni atuondolee mkosi, na tukashinda mechi kumi mfululizo, mji mzima ukawa unaongelea huyo mchawi, watu wakavaa mpaka kofia za kichawi uwanjani. Kamati ya ufundi kumbe ipo kila mahali. Mimi imani yangu ilikuwa kwa Kirby, Gilbert na wenzao waliorudi wakaanza kurusha kama wanavyojua, lakini furaha ile niliipenda sana, ilikuwa miaka mingi sijaona mji huu unacheka pamoja mwezi wa tisa.

Alafu Houston, tarehe 19 mpaka 21. Mechi tatu, nyumbani kwao, anayeshinda anaenda kuongoza kundi letu la ligi. Tukashinda zote tatu. Na ile ya Jumamosi, iningi ya 9, tunaongoza kidogo tu, watu wao wako besini, mpira unapigwa unakwenda kulia unashuka haraka, na nani anakuja anaruka mzima mzima anaudaka sentimita chache kutoka kwenye nyasi? Robles. Yule yule wa bega. Akanyanyuka akaurusha besi ya pili wakatoka wawili kwa mpigo, mechi imekwisha. Nilipiga kelele majirani wakafikiri kuna msiba. Sasa mtu aje aniambie hiyo imepotea bure, eti kwa sababu mwezi mmoja baadae Springer alipiga homurani, lile pigo la kutua jukwaani? Hiyo ya Robles ilitokea. Haifutiki.

Hapo niseme kuhusu Cal Raleigh, mdakaji wetu, na siwezi kumsema Raleigh bila kuusema uwanja.

Kitu ambacho kinanifanya nipende besiboli kuliko michezo mingi ni kwamba viwanja havifanani. Umbali wa besi na sehemu ya mrushaji unajulikana kila mahali, lakini huko nyuma, ukuta uwe umbali gani, uwe na urefu gani, uwe na kona za aina gani, kila mji una vyake. Fenway Park ya Boston, imefunguliwa 1912, upande wa kushoto ukuta uko karibu sana, futi 310 tu, kwa hiyo wakaunyanyua kwenda juu futi 37, ule ukuta wa kijani, mpira ambao kwingine ungekuwa homurani pale unagonga ukuta unarudi, na mpira mwepesi wa juu ambao kwingine ungedakwa kirahisi pale unapita. Wrigley Field ya Chicago ya 1914 ina majani yametambaa ukuta mzima tangu 1937, mpira ukinasa humo mpigaji anapewa besi mbili na mchezo unaendelea, na taa hazikuwepo pale mpaka 1988, miaka yote hiyo nyumbani wanacheza mchana tu! Denver nako, Coors Field, uko maili moja juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unakwenda mbali na mpira wa kupinda haupindi kama inavyotakiwa, wakalazimika kutengeneza uwanja mpana sana na tangu 2002 mipira inatunzwa kwenye chumba chenye unyevu ili isiruke kupita kiasi. Warushaji wanapachukia pale na siwalaumu.

T-Mobile Park yetu ni kinyume cha Denver. Iko jirani na maji, hewa ni ya baridi karibu nusu ya msimu, na lile paa linalotembea haliufungi uwanja pembeni, linafunika juu tu, mvua haikupati lakini baridi inaingia kama kawaida, na hewa ya baridi ni nzito, inaukamata mpira. Nimeona mipira mingi pale ambayo kwa mlio wa gongo wote tumenyanyuka alafu inafia kwenye glavu ya mtu mbele ya ukuta. Hata kuta zilisogezwa ndani kabla ya msimu wa 2013 na bado panabaki kuwa moja ya sehemu ngumu kabisa kwa mpigaji. Wachezaji wazuri wa kupiga wamekataa kuja Seattle kwa sababu hiyo, na waliokuja baadhi wamenyauka.

Sasa kwenye uwanja huo huo, mdakaji, mtu ambaye kazi yake ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji usiku mzima, anapigwa na mipira inayopotea, anapanga kila mrusho wa timu yake, magoti yake ndo yanayokwisha kwanza kuliko ya mtu yeyote uwanjani, mtu huyo kapiga homurani 60. Sitini! Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48 ya Salvador Perez ya 2021. Rekodi ya wanaopiga pande zote mbili, kulia na kushoto, ilikuwa 54 za Mickey Mantle za 1961. Rekodi ya timu yetu ilikuwa 56 za Ken Griffey Jr. Zote amezipita ndani ya msimu mmoja. Na kwenye Ligi ya Amerika waliofika 60 ni Babe Ruth, Roger Maris, Aaron Judge, na yeye. Ya 59 na ya 60 alizipiga usiku mmoja nyumbani, tarehe 24 Septemba dhidi ya Rockies, usiku uleule tulichukua kundi letu kwa mara ya kwanza tangu 2001. Sikumbuki usiku mwingine wa kawaida wa mechi, nje ya mtoano, ambao sauti ya pale ilikuwa vile.

Tuzo ya mchezaji bora akapewa Judge wa Yankees, kura 17 kwa 13. Judge ni mpigaji hatari, wastani wake .331 na homurani 53, wala sibishi kwamba ni mkubwa. Lakini mi ningempa Raleigh bila kufikiria mara mbili. Pima kazi nzima. Judge anasimama kule nyuma, Raleigh kashika mchezo mzima mkononi mwake, na anapiga kwenye ile baridi.

Kuna jambo lingine kuhusu viwanja ambalo linaniuma hata kama si timu yangu. Athletics, wapinzani wetu wa kundi moja, wameondoka Oakland. Walikuwa pale tangu 1968, wamebeba ubingwa mara nne, 1972, 1973, 1974 na 1989, na tarehe 26 Septemba 2024 wakacheza mechi ya mwisho pale Coliseum mbele ya watu 46,889 wakaifunga Texas 3-2 alafu basi. Sasa wako West Sacramento, kwenye kauwanja ka ligi ya chini, wakisubiri wajengewe kwingine Las Vegas. Coliseum ilikuwa imechakaa kweli, kila mtu anajua, lakini zile ngoma za mashabiki wa jukwaa la kulia zilikuwa hazifanani na kitu chochote kwenye ligi. Mashabiki wale walipiga kelele mwenye timu aiuze, walijaza uwanja siku moja makusudi kuonyesha wapo, haikusaidia.

Mji wetu unaijua hiyo hali. 1969 Seattle ilipata timu, Pilots, ikacheza msimu mmoja tu ikahamishiwa Milwaukee, ndo hao Brewers wa leo. Na Mariners wenyewe nusura waondoke. Hii hadithi ya 1995 vijana wengi wanaovaa jezi za Julio Rodríguez, nyota wetu wa leo, hawaijui vizuri, na ndo sababu kubwa ya mimi kukataa haya maneno ya kupotea bure.

Wakati ule walikuwa wanacheza Kingdome, jengo la zege lililofunikwa kila upande, na 1994 vipande vya dari vilidondoka kwenye viti saa chache kabla ya mechi, timu ikafukuzwa kwenda kucheza ugenini. Wamiliki wanataka uwanja mpya la sivyo timu inauzwa na inaondoka. Mwezi wa tisa 1995 wananchi wa King County wakapigishwa kura ya kodi ya uwanja, wakakataa kwa kura chache sana. Wakati huohuo timu, ambayo mwanzo wa mwezi wa nane ilikuwa nyuma ya Angels kwa mechi 13, ikaanza kushinda na haiachi. Wakawakamata. Mrushaji wetu Randy Johnson akawamaliza 9-1 kwenye mechi ya kuamua. Alafu Yankees wakatangulia 2-0 kwenye mtoano wa mechi tano, tukarudisha, na ile ya tano, tarehe 8 Oktoba, iningi ya 11, tuko nyuma 5-4, mpigaji wetu Edgar Martínez akauchapa kushoto, Joey Cora akaingia, na Griffey kutoka besi ya kwanza akakimbia besi zote zilizobaki akateleza mpaka besi ya nyumbani, 6-5. Mwezi huohuo wabunge wa jimbo wakakaa kikao maalumu wakapitisha fedha za uwanja. Ndo huu tunaokaa sasa, ulifunguliwa Julai 1999, na barabara inayopita pembeni yake inaitwa Edgar Martinez Drive.

Na mnajua 1995 iliishaje? Tulifungwa. Cleveland walitutoa kwenye mechi ya 6 ya fainali ya Ligi ya Amerika, hatua ileile tuliyotolewa mwaka huu. Hakuna kombe la 1995 popote. Kwa kipimo cha hawa wa redioni msimu ule nao ulipotea bure, na bila msimu ule leo Seattle ingekuwa Oakland, tusingekuwa na pa kukaa wala timu ya kulalamikia.

Nirudi mwaka huu nimalizie na mechi ya tarehe 10 Oktoba, kwa sababu nisipoiandika nitajilaumu. Mechi ya 5 na Detroit, anayefungwa anakwenda kulala. Tarik Skubal anarusha upande wao, na nasema kweli sijawahi kuona mtu anarusha vile mbele ya macho yangu, aliwatoa watu wetu 13 kwa straiki ndani ya iningi sita, hawaugusi. Kerry Carpenter akawapa uongozi wa 2-1. Skubal alipopumzishwa tu tukapumua, iningi ya 7 Leo Rivas akatolewa benchi, siku yake ya kuzaliwa, akapiga pigo dogo safi ikawa 2-2. Na hapo ikaanza. Iningi ya 10, 11, 12, 13, 14. Kila mmoja pale alikuwa anakumbuka 2022, tulipokaa iningi 18 kwenye uwanja huohuo na Houston wakatufunga 1-0. Gilbert ambaye ni mrushaji wa kuanza mechi akatoka kwenye akiba akarusha, Luis Castillo naye hivyohivyo, watu wanarusha kwa mikono iliyochoka. Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake. Mgeni nyuma yangu, mzee wa makamo na mtoto wake wa kike, tulikuwa tumeshashikana mikono bila kujuana. Iningi ya 15, besi zimejaa, Jorge Polanco akaupitisha mpira kulia, J.P. Crawford akaingia, 3-2, baada ya karibu saa tano. Yule mzee alinikumbatia analia na mi nalia.

Wiki moja baadae uwanja uleule Raleigh akasawazisha na Toronto kwenye iningi ya 8, na Suárez akapiga homurani besi zote zimejaa, pointi nne kwa pigo moja, dakika chache baadae, 6-2, tukawa tunahitaji ushindi mmoja tu. Haukupatikana. World Series wakaenda Toronto, wakacheza na Dodgers mpaka mechi ya 7 na iningi ya 11, mechi ya 3 ikaenda iningi 18, ilikuwa fainali nzuri mno na niliiangalia yote, ingawa kila Springer alipokuja kupiga nilikuwa natoka chumbani.

Naandika haya Novemba 2025, na Naylor kashasaini, miaka mitano, habari nzuri kuliko zote tangu mechi iishe. Polanco na Suárez mikataba yao imeisha. Polanco nataka arudi hata kwa gharama, magoti yake yanatia wasiwasi lakini mikono yake mwezi wa kumi ilinionyesha kila kitu. Suárez anakosa mpira mara nyingi sana na pale kwetu baridi itampunguza zaidi, na bado nikiulizwa leo nasema mrudisheni, alafu mtafuteni mrushaji mmoja wa akiba wa mkono wa kulia ambaye meneja atamwita iningi ya 7 bila kusita ili Muñoz abaki na ya 8 na ya 9. Warushaji wa kuanza wote watano wapo, wakianza msimu wazima kundi letu hakuna wa kutushika.